Tuba Iliyoonekana Kalunguta

Siku ya kumi na moja tangu Ramazani, dereva wa lori wa Beni, afungwe kasho ya polisi, binti yake Hawa aliingia ofisini mwa Inspekta Edmond Kakule bila hodi, mkono wa kushoto umechorwa hina mpaka kwenye kiwiko, wa kulia bado haujaguswa. Ilikuwa Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, mwezi wa tatu wa mwaka 2002, na Butembo ilikuwa ingali imejifunika ukungu kama mgonjwa wa malaria. Inspekta alikuwa anakunywa chai na kuisoma PV, ile taarifa ya kesi aliyoiandika mwenyewe, taratibu, kama mtu anayejiangalia kwenye kioo na kuridhika.

Aliutazama ule mkono wa hina, kisha ule mwingine.

"Shangazi alienda kuleta maji, njo nikapanda moto, pikipiki ya kwanza yenye nilipata," Hawa alisema. "Papa Inspecteur, kesho naolewa, nyuma ya sala ya muchana. Baba yangu unanirudishia ao hapana?"

Inspekta alimwonyesha benchi. Hawa alikaa juu ya benchi la wezi kama amekaa kwenye sofa la shangazi yake. Akaelezwa, kwa upole wote ambao serikali yoyote iliyopita Butembo miaka ile iliweza kuupata, kwamba harusi ni jambo jema na sheria ni jambo jingine, na kwamba wajomba wapo.

"Wajomba banakula vizuri," Hawa alisema. "Mais kunitoa, ni baba."

Mambo yenyewe, kwa jinsi PV ilivyosema, yalikuwa mepesi. Tarehe tisa Januari, stoo ya kanisa la Kiprotestanti pale mtaa wa Kimemi ilikutwa imefungwa kwa kufuli kama kawaida, lakini tuba haimo. Tuba ni ile tarumbeta kubwa ya bendi, au fanfare, inayomviringa mpigaji kama chatu na kufungua domo lake juu ya kichwa chake. Ya kanisa hilo ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde, na ilipopotea fanfare ikabaki kama ugali bila mboga. Miezi miwili hakuna aliyeona hata kivuli chake. Halafu, Jumatatu moja ya sikukuu, shemasi Éliakim, mtunza vyombo, aliingia Ciné Furaha, ukumbi wa video wa Kimemi, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Wazee wa kanisa hawakuwa watu wa video. Karate waliikataza, mapenzi waliyakataza, na filamu za vita walisema hawana haja ya kuzifuata ukumbini wakati wanazo barabarani bure. Lakini ile ambayo mji mzima uliiita Filamu ya Tembo waliiruhusu, kwa kuwa ilikuwa documentaire: barabara ya kweli ya kutoka Butembo kwenda Beni, matope ya kweli, na mwishoni viumbe vya Mungu vikinywa maji mtoni. Mzungu mmoja aliipiga, akaenda zake kwao, na mwezi wa pili kaseti zikarudi.

Inspekta naye alikuwa mpenzi mkubwa wa filamu za kweli. Zile nyingine alisema ni watu waliolipwa ili waanguke. "Kamera haina tumbo," alizoea kuwaambia askari wake. "Haili rushwa, haiogopi mukubwa." Filamu ya Tembo alikuwa ameshaiona mara sita, na siku ile ya saba alikuwa amekaa nyuma ya Éliakim pale lori la Ramazani lilipotokea kwenye matope ya Kalunguta, turubai limefunuka upande mmoja, na chini yake domo la shaba linachungulia. Éliakim alisimama, kofia mkononi. "Tuba yetu," alisema, na ukumbi wote ukageuka.

Hapo ndipo sauti ya Timothée ilipotoka nyuma ya pazia. Ciné Furaha ilikuwa na televisheni kubwa iliyoungua sauti mwanzoni mwa Januari kwa ubaya wa jenereta, na tangu hapo Timothée, kijana wa kucheka-cheka ambaye mpaka mwisho wa mwaka uliopita alikuwa mwanafanfare, ndiye aliyekuwa sauti yake. Alikaa nyuma ya pazia chini ya kioo, akaeleza kila kitu kwa Kiswahili, na vishindo vyote akavitengeneza mwenyewe: mvua, injini, vyura. Tembo wake alitikisa mabenchi. Watu walipanda magari toka Kayna kuja kumsikiliza. Na siku ile Timothée alisema, sauti ikitetemeka kidogo: "Njo yenyewe, bandugu. Hii ni mwezi ya Januari. Muangalie mwizi vile anafunika."

Jioni hiyohiyo Inspekta alitia saini mandat ya kumkamata Ramazani.

Ramazani hakukana kitu. Alisema ni kweli aliibeba tuba, lakini mwezi wa Novemba, kuwasaidia vijana wa kanisa ambao gari lao lilikuwa limezama. Majina hakuwauliza, maana mtu akizama humuulizi jina. Éliakim naye akaapa kwamba Novemba vyombo vilikwenda kwenye mkutano wa Beni ndani ya jeep ya misioni na kurudi ndani ya jeep ya misioni. Mmoja alikuwa anasema uongo. Filamu ilikaa upande wa Éliakim, na Inspekta akakaa upande wa filamu.

"Ile kaseti iko kwetu," Hawa alisema sasa. "Muzungu alimupatia baba, aksanti ya kumusukuma. Umeiangalia?"

"Mara saba."

"Kwetu?"

Inspekta aliweka kikombe chini. Ilitokea kwamba mandat ya kupekua depo, ghala la Ramazani kule Beni, ilikuwa mezani tangu Jumatano, kwa sababu mwizi bila kitu kilichoibwa ni kesi nusu. Alijiambia kwamba anakwenda kupekua. Akavaa koti la mvua, akaita moto mbili.

Pale Kalunguta barabara ilikuwa vilevile kama ilivyo ndani ya filamu: kona, mikaratusi mitatu, na tope jekundu lenye njaa. Inspekta aliomba wasimame kidogo. Alisimama pale ambapo kamera ingekuwa imesimama, akakunja mikono nyuma, akatikisa kichwa kama mtu aliyefika Yerusalemu. Mwanajeshi wa barrière, kizuizi cha barabarani, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, alikuja kuomba sigara, na alipojua kesi yenyewe uso ulimng'aa. Hata yeye aliiona Filamu ya Tembo, siku ya ruhusa yake.

"Moyibi, mwizi yule, bamukamate tu," alisema. "Filme hapana kudanganya."

"Kamera haina tumbo," Inspekta alimfundisha, na mwanajeshi akalirudia neno hilo mara mbili ili lisimpotee.

Hawa, juu ya moto yake, alikuwa anapuliza hina yake ikauke.

Beni kulikuwa na joto, na kwa Ramazani kulikuwa na harusi. Ua mzima ulikuwa mashuka, kuni, mbuzi wawili wenye wasiwasi, na akina mama wanaopepeta mchele huku wakiimba. Walipojua kwamba mwenye koti ni yule aliyemfunga baba wa bibi arusi, wimbo haukukatika, ila ulibadilika maneno: ukaanza kuuliza ni mnyama gani anayevaa koti la mvua kwenye jua. Inspekta aliomba radhi kwa usumbufu, akaonyesha mandat, na kufanya kazi yake kama inavyotakiwa. Aliingia depo, akahesabu milango, akaandika madumu ya mafuta ya mawese, magunia ya maharagwe, matairi manne. Kule mwisho, kwenye kona, kulikuwa na kitu kikubwa cha mviringo chini ya turubai, na kwenye ukingo wa turubai chuma kiling'aa.

Alimwita shangazi mtu aje awe shahidi. Alivuta turubai kwa mkono mmoja, kalamu ikiwa tayari kwenye mkono wa pili.

Ilikuwa sufuria ya pilau.

"Andika," shangazi alimwambia. "Andika vizuri, papa. Ya kukodi. Kama unaifunga, ufunge na wenye watakosa kula."

Akina mama mlangoni walicheka mpaka mmoja akalazimika kuketi. Inspekta hakucheka, lakini pia hakuandika. Alikuwa anaiangalia ile sufuria. Mara sita, kabla ya ile Jumatatu, alikuwa ameliona lile domo la shaba kwenye lori, na mara zote sita alijua ni sufuria. Alijuaje?

Aliuliza televisheni iko wapi.

Ilikuwa sebuleni, mpya, ya kukodi kama sufuria, na jenereta lilikuwa linajaribiwa kwa ajili ya kesho. Hawa alitia kaseti. Inspekta alikaa sakafuni karibu kabisa na kioo, daftari gotini, kwa sababu viti vilikuwa vimekaliwa na keki.

Jambo la kwanza lililomshangaza ni kwamba filamu ilikuwa na muziki, vinanda vya huzuni ambavyo Butembo hakuna aliyewahi kuvisikia. Jambo la pili ni Mzungu mwenyewe, akisema Kifaransa taratibu kama daktari. Lori likatokea. Picha ilikuwa safi kuliko ile ya Ciné Furaha ambako kila kitu kilionekana kama kimepikwa kwa moshi.

"Simamisha hapo," Inspekta alisema.

Hawa akasimamisha. Inspekta alifungua PV yake, ukurasa wa pili, palipokuwa na maelezo ya Éliakim kuhusu kitu kilichopotea. Alisoma kwa sauti: tuba moja, shaba, na kando ya domo kiraka cha bati la mafuta, kilichochomelewa baada ya chombo kuanguka toka ngazi za kanisa siku ya Noeli. Akakiangalia kioo. Akakisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa. Domo la tuba lilikuwa laini kama yai. Kiraka hakikuwapo.

"Basi hii ni mbele ya Noeli," alisema.

"Muzungu alisema," Hawa alijibu. "Umuache aseme."

Hawa aliirudisha kaseti nyuma. Mzungu alisema wazi, Kifaransa cha shule ya msingi kingetosha: ni Novemba, jeep ya fanfare ya Waprotestanti imezama, na dereva Mwislamu wa Beni anawapakilia vyombo vyao. Inspekta aliandika. Kalamu ilikuwa inakwenda polepole kuliko kawaida.

Kisha Mzungu alinyamaza, na watu wa ndani ya filamu wakasikika wenyewe, matope yakimeza miguu yao. Ramazani alikuwa anafunga kamba. Upande wa pili wa lori, mtu ambaye kamera ilimwonyesha mgongo tu alikuwa anashikilia turubai, na alisema huku akicheka: "Papa, ufunike muzuri. Iyo ni shingo ya kanisa."

Inspekta aliomba arudishiwe. Aliomba tena. Mara ya tatu alifumba macho, akasikiliza vile alivyozoea kusikiliza gizani Kimemi, na pale alipofumba macho hapakuwa na shaka yoyote. Alikuwa ameisikia sauti hiyo siku saba. Ilikuwa imemweleza filamu nzima, na kila ilipofika hapa ilikuwa imejifunika yenyewe. Ilisema "sufuria ya harusi" mara sita, watu wakacheka, na mara ya saba, Éliakim aliposimama, ikasema Januari.

Aliandika jina moja, akalipigia mstari.

"Naweza kuzima?" Hawa aliuliza. "Bado tembo tu."

Inspekta alikuwa ameshaanza kuinuka, lakini tembo walikuwa ndio sehemu yake. Alikaa tena. Walitoka msituni kama siku zote, saba, wakashuka mtoni, yule dume mkubwa akainua mkonga. Inspekta alijiandaa kama anavyojiandaa mtu anayejua wapi gari litaruka.

Dume lilishusha mkonga. Vinanda viliendelea. Tembo walikunywa maji, wakamwagiana maji, wakaondoka, wote saba, na katika dakika tano nzima hakuna hata mmoja aliyelia.

Inspekta aligeuka akamwangalia Hawa, kisha shangazi, kama kwamba wao ndio waliowanyamazisha.

"Tembo yenu ni mugonjwa?" aliuliza.

"Tembo ni hivyo," shangazi alisema. "Akishiba, anapiga kelele ya nini?"

Basi ndipo Inspekta Edmond Kakule, afisa wa miaka kumi na tisa, aliyewahi kumkamata mwizi wa ng'ombe kwa kunusa viatu vyake, alipolifunga daftari na kubaki amekaa sakafuni karibu na keki. Sauti ya televisheni ya Kimemi ilikufa mwanzoni mwa Januari. Tuba ilipotea tarehe tisa Januari. Mambo yote mawili aliyajua tangu zamani. La pili lilikuwa kwenye PV, la kwanza alikuwa analilipia tiketi. Aliomba maji. Akapewa soda, na kipande cha keki ambacho hakikuwa kizuri sana kwa kuangaliwa lakini kwa kuliwa kilikuwa sawa.

Kipindi cha Ciné Furaha kilianza saa kumi. Inspekta alifika dakika tano kabla, tope mpaka magotini, amempitia Éliakim nyumbani na kumvuta bila maelezo. Walikaa benchi la mbele kabisa. Shemasi alilalamika kwa kunong'ona kwamba ameshaiona filamu hiyo na ilimtosha. Inspekta alimwomba avumilie mpaka wanyama.

Lori likapita. Timothée, nyuma ya pazia, alisema Januari, akasema mwizi, na ukumbi ukazomea. Inspekta alikula karanga. Tembo wakatokea. Dume likainua mkonga, na toka nyuma ya pazia kikapanda kilio kile, kinene, kirefu, kikaingia kwenye mbao za benchi na kupanda kwenye mgongo wa kila mtu. Éliakim, aliyeitunza sauti hiyo miaka kumi na mbili, alikuwa anasikia tembo wa Kimemi kwa mara ya kwanza, maana ile Jumatatu alitoka mbio kwenda kuwaita wazee wa kanisa kabla ya mto. Alishika mkono wa Inspekta.

"Hiyo noti, ile si-bemol, ni ya tuba yetu," alisema.

Inspekta aliinuka, akaenda mbele taratibu kama mtu anayekwenda kutoa sadaka, akavuta pazia.

Timothée alikuwa amekaa juu ya kreti ya bia, mashavu yamejaa, tuba imemviringa. Kiraka cha bati kando ya domo kilikuwa kinawaka kwa mwanga wa televisheni. Miguuni mwake kulikuwa na ungo wa maharagwe makavu, ambao ulikuwa mvua, na bati moja, ambalo lilikuwa radi. Juu ya vichwa vyao dume alikuwa bado ameinua mkonga.

Toka nyuma, mama mmoja muuza mikate alisema: "Inspecteur, muache amalize tembo."

Wengine wakamuunga mkono. Inspekta aliangalia kioo, akamwangalia Timothée, ambaye macho yalikuwa yameshaanza kujaa maji, akamwambia amalize. Timothée akamalizia. Hakikuwa kilio chake kizuri kuliko vyote, pumzi zilikuwa zinakatika, lakini watu walipiga makofi mpaka jenereta likasikika dogo.

Maungamo yalichukuliwa palepale, juu ya kreti. Timothée hakuficha kitu. Ufunguo wa stoo alikuwa nao tangu siku za fanfare. Televisheni ilipokufa sauti, mwenye ukumbi alisema atafunga, na yeye akaazima tuba kwa siku tatu tu, mpaka fundi apatikane. Siku ya kwanza watu walishangilia ngurumo zake, siku ya pili wakaja mara mbili, fundi hakutafutwa tena, na mwezi wa pili tembo wakafika. Halafu Éliakim akasimama mbele ya watu wote.

"Niliogopa," Timothée alisema. "Kinywa kilisema mbele yangu. Nilifikiri mutamuuliza maswali, atarudi kwake."

"Amelala kasho siku kumi na moja," Inspekta alisema. "Kesho anamwoza binti. Na jeep ya misioni?"

Timothée aliangalia chini. Jeep ilizama Kalunguta kwa sababu yeye ndiye alikuwa anaiendesha, bila ruhusa na bila kujua sana, na waliokuwa ndani yake waliapa kutomwambia shemasi. Éliakim alisikia hayo akiwa ameikumbatia tuba, akipitisha kidole juu ya kiraka kama anapapasa kovu la mtoto. Alisema kanisa litamhukumu Timothée kwa taratibu yake, na itakuwa ndefu. Halafu akakohoa. Alisema yeye mwenyewe aliapa mbele ya sheria jambo ambalo hakuliona kwa macho yake, na angependa kwanza kumwona yule mzee.

Ramazani aliwapokea mlangoni pa kasho, amekunja mkeka wake kwapani kama msafiri aliyecheleweshwa na gari. Inspekta aliyasema yote, akiwa amesimama, kofia mkononi, hata sehemu ya sufuria. Aliomba msamaha kwa maneno machache. Ramazani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama Timothée kwa muda.

"Ule wa kucheka," alisema. "Nilikuambia vijana wa kucheka-cheka, Inspecteur. Uliandika?"

Inspekta alifungua PV. Ilikuwa imeandikwa.

"Miye sina neno na mutu mbele ya harusi," Ramazani alisema. "Mais iyo tuba niliibeba bure Novemba, nikaibeba bure ku kasho. Kesho ibebe na mimi kidogo. Atapiga kwa Hawa."

Éliakim alifikiri kama kuna andiko linalokataza. Halikuja haraka, na kabla halijafika alikuwa ameshakubali, kwa sharti kwamba asiende peke yake: fanfare yote itakwenda.

Kwa hiyo Jumamosi, kulipopambazuka tu, lori la Ramazani liliondoka Butembo na fanfare nzima juu yake, Ramazani kwenye usukani, Éliakim kando yake katika suti, na Inspekta nyuma pamoja na Timothée, ambaye kisheria alikuwa bado mikononi mwake. Walifika Kalunguta saa mbili na nusu, na Kalunguta ikafanya kama desturi yake. Kwenye kona ya mikaratusi mitatu lori likazama mpaka ekseli. Watu wote wakashuka kusukuma. Turubai likafunuka upande mmoja, na domo la shaba likachungulia.

Inspekta alikuwa na tope mpaka kifuani, bega chini ya bodi, aliposikia bunduki ikikokiwa.

"Telema! Basi wote musimame hapo."

Ilikuwa yule mfupi wa kofia ya sufu. Alikuwa anaangalia lori, turubai, domo la shaba na Ramazani mwenye kamba mkononi, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayehakiki kadi ya bahati nasibu. Alisema anamjua huyu. Alimwona kwenye filamu, mahali hapahapa, kitu hikihiki. Inspekta alijitoa kwenye matope, akajitambulisha, akaeleza kwamba mtu huyu hana kosa na filamu ilielezwa vibaya.

Mwanajeshi alimtazama toka juu mpaka chini, hakuona inspekta, aliona tope.

"Papa," alisema kwa huruma, "kamera haina tumbo."

Ramazani ndiye aliyeanza kucheka, kimyakimya, mabega tu. Inspekta alijipangusa uso kwa kiganja, akazidisha tope, kisha akamuuliza mwanajeshi kama katika filamu hiyo alimsikia tembo. Mwanajeshi alisema swali gani hilo, alimsikia mpaka kofia ikamwanguka. Inspekta akamgeukia Timothée.

"Mupatie."

Timothée alipanda, akaitoa tuba chini ya turubai, akajaza mashavu. Kilio kilipanda juu ya mikaratusi, kikavuka bonde, kikarudi. Mbwa wa Kalunguta walibweka hadi mlima wa pili. Mwanajeshi alirudi nyuma hatua tatu, mkono mmoja juu ya kofia, na bunduki ikainama yenyewe. Alimtazama Timothée mdomoni. Akaizunguka tuba, akaigusa kwa kidole.

"Tembo njo wewe?"

"Njo miye."

"Na injini?"

"Mudomo."

Kwa sauti ya mtu ambaye hataki sana kujibiwa, mwanajeshi akauliza: "Na mvua?"

"Maharagwe," Timothée alisema. "Ku ungo."

Mwanajeshi aliegemeza bunduki kwenye mkaratusi, akaja akaweka bega kando ya bega la Inspekta, na kwa pamoja, moja, mbili, tatu, lori likatoka kwenye tope kwa kelele kama kizibo. Éliakim akashukuru Mungu, Ramazani naye akashukuru, watu wakapanda. Barrière ikainuliwa. Hapo ndipo kitu kilipoanza kugonga juu ya turubai, kidogokidogo, halafu kwa wingi, na mwanajeshi mfupi, maji yakimshuka puani, akainua macho, si mbinguni, bali kwanza kwenye mikono ya Timothée.